Daktari Aliyetazama Midomo Kabla ya Meno

Madaktari wengine wa meno husema, "Fungua mdomo." Yeye alisema, "Funga mdomo kwanza." Mgonjwa aliyekuwa ameanza kueleza jinsi jino lilivyomkesheza alinyamaza ghafla, akidhani amekaripiwa. Mzee mmoja wa mtaa wa Milimani, aliyeletwa na dereva wake, alishuka kwenye kiti akaanza kutafuta kofia yake aende zake, hadi nilipomweleza polepole kwamba hafukuzwi. Daktari alitaka tu kuiona midomo yake ikiwa imetulia.

"Meno hayaendi popote," alimwambia yule mzee akivuta taa karibu. "Midomo ndiyo inabadilika. Leo ina habari, kesho haina."

Nilifanya kazi naye miaka mingi katika kliniki yake ndogo ya ghorofani, juu ya duka la viatu, hapa Kisumu mjini. Nilimwita Daktari siku ya kwanza na ninamwita Daktari hadi leo. Yeye aliniita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, kwa sababu kwetu ni huko, kando ya Katito. Sidhani kama alilitumia jina langu halisi zaidi ya mara chache, na kila alipolitumia nilijua kuna jambo zito.

Kabla ya kuwa msaidizi wake nilikuwa mgonjwa wake. Nilikuwa nashona nguo Katito, nina mchumba, na nina mdomo ulionitesa tangu utotoni. Kila baada ya muda, hasa nikipata homa au nikishinda juani, pembe ya mdomo wa juu ilianza kuwasha, kisha malengelenge madogo yakatokea yakiwa yamebanana mahali pamoja. Yalipasuka, yakatoa maji, yakafanya kigaga, yakapona. Halafu yakarudi palepale. Nyumbani walisema ni malaria inatoka. Shangazi yangu alisema ni buibui amenipitia nikiwa nimelala. Kule alikotoka mchumba wangu walisema jambo jingine, na walilisema kwa sauti ya chini. Dada yake alikuwa ameacha kunywa kikombe kimoja nami. Siku moja nikasikia dirishani mama yake akimwambia mwanawe, "Huyo msichana mdomo wake una kitu. Fungua macho."

Nilikuja Kisumu si kwa sababu ya mdomo. Nilikuja kuziba jino, na nilikuja nikiwa nimejifunika na leso. Daktari aliniambia nifunge mdomo, akanishusha leso kwa kidole chenye glavu, akatazama. Kisha akazima taa.

"Leo sitakutibu jino," akasema.

Nilitaka kulia kwa hasira. Nilikuwa nimetoka Katito alfajiri, nimefunga cherehani, nimewaambia wateja wangoje. Nikamwambia, "Daktari, hata wewe unaniogopa?"

Akavuta kigoda akaketi chini kuliko mimi, ikabidi nimtazame kutoka juu. Baadaye niligundua kwamba alifanya hivyo mara nyingi alipokuwa na la maana la kusema.

"Sikuogopi. Ninaogopa kukuumiza. Nikianza kuuvuta mdomo huu leo, hayo malengelenge yatapasuka, utatoka damu. Mashine yangu inarusha maji, itayatawanya usoni mwako, hata machoni. Jino lako halina haraka. Rudi pakishapona. Lakini hebu tuzungumze juu ya hii kitu, kwa maana naona imekusumbua kuliko jino."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kile kitu kina jina. Aliniambia ni virusi vya herpes, aina ambayo watu wengi mno huipata wakiwa watoto, kwa busu la shangazi au kijiko cha pamoja, na wengi wao hawajui kamwe kwamba wanayo. Vinaingia, vinajificha kwenye mshipa wa fahamu, vinalala. Ukipata homa, jua kali, mawazo mengi, au hedhi, vinaamka na kushuka kwa njia ileile. Ndiyo maana vilinitoka mahali pamoja kila mara.

"Ni ukimwi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimelibeba lile neno miezi mingi, na nililitamka nikitazama dari.

"Hapana. Anayemtazama mtu mdomo na kumwambia ana ukimwi si daktari, ni mpiga ramli. Kama unataka kupima, pima, ni vizuri kila mtu ajijue. Lakini usipime kwa sababu ya hiki. Hiki ni mkaazi mwingine kabisa."

Aliniandikia vidonge vya acyclovir, ila akaniambia kwamba siku hiyo havingenisaidia sana kwa sababu malengelenge yalikuwa tayari yameanza kukauka. Alinieleza wakati wake. "Siku nyingine utasikia panawasha na panachoma kabla hujaona chochote. Usingoje uone. Hapo hapo anza kumeza. Ukingoja kuona, umechelewa." Akaniambia nivae kofia pana, nipake mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, nisikwanyue kigaga, nisiguse macho bila kunawa.

Nikarudi pakiwa pamepona, na mara hiyo nilikuja na mchumba wangu. Yeye ndiye aliyetaka kuja. Alisimama mlangoni, mtu mrefu wa kujenga nyumba, akizungusha kofia mikononi. Daktari akamwelekeza kwenye kigoda, yeye mwenyewe akabaki amesimama.

"Daktari, mama yangu anauliza hii ya mdomo," akasema.

"Mama anauliza, au wewe?"

Akacheka kwa aibu. "Mimi pia."

Daktari akamweleza yote, bila kulainisha. Akamwambia kwamba wakati malengelenge yapo tusibusiane, wala tusitumie kikombe kimoja, wala taulo moja. Pakishapona tuishi kama watu. Akamwambia pia kwamba huenda yeye mwenyewe anavyo tangu utotoni. Mchumba wangu akafikiri, kisha akasema kwamba nyanya yake alikuwa na mdomo kama wangu, na kwamba ndiye aliyemlea, na alikula sahani moja naye hadi akaenda shule.

"Basi," Daktari akasema.

Tulioana mwaka huo. Mama mkwe alikuja kliniki baadaye kwa ajili ya jino lake, na sijui waliongea nini mle ndani, lakini alitoka akaniomba nimshikie mkoba wake, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya.

Nilianza kazi pale msaidizi wake wa zamani alipohama. Nilikuwa nimekuja kusafishwa meno tu. Akaniuliza kama naweza kunyamaza. Nikasema naweza. Akaniuliza kama naweza kuongea. Nikasema hilo pia naweza. "Unaanza Jumatatu," akasema, na mambo mengine yote nilijifunzia kazini, mengi kwa kukemewa.

Maana alikuwa mkali. Aliwakataza watoto peremende kwa hotuba ndefu, na yeye mwenyewe alikunywa chai yenye sukari mpaka kijiko kikasimama. Aliwafokea waliochelewa, halafu akakaa na mgonjwa mmoja akimwuliza habari za shamba lake la mpunga huko Ahero hadi wengine wakasinzia kwenye benchi. Alikuwa na sauti ya upole chini ya taa, lakini kwenye simu alipiga kelele kana kwamba aliyeko upande wa pili yuko ng'ambo ya ziwa. Alikemea, na akishakemea alinunua mahindi ya kuchoma akakuwekea mezani bila neno. Nilikula mahindi mengi mwaka ule wa kwanza.

Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa na ngozi ya rangi tofauti kando ya ukucha. Alama hiyo aliipata zamani, akiwa kijana katika hospitali moja mbali na hapa, wakati glavu zilikuwa zimekwisha. Mtoto aliletwa mdomo wote umejaa vidonda, ana homa, hajanywa hata maji, na mama yake amekata tamaa. Daktari akamfungua mdomo kwa mkono mtupu. Mtoto alipona. Baada ya siku kadhaa kidole kikavimba, kikatoa malengelenge, kikauma hadi begani. Mwenzake wa upasuaji aliona kama ni usaha, akachukua kisu akitaka kukipasua. Akakataa. Alijua kwamba kidole cha namna hiyo kikipasuliwa kinaharibika zaidi.

Tangu hapo kidole kile kiliamka mara chache, na kilipoamka hakumgusa mgonjwa yeyote. Waliokuwa na maumivu makali aliwapeleka kwa mwenzake wa mtaa wa pili, waliobaki aliwapangia siku nyingine. Wala hakuwadanganya kwamba umeme umekatika. Alitoka mwenyewe kwenye benchi la kungojea, akainua kidole kilichofungwa bendeji.

"Leo hiki kimeamka," aliwatangazia. "Ni ndugu wa ile ya midomoni. Sitaki mwende nayo nyumbani."

Niliona watu wakishusha pumzi waliposikia hivyo. Mwanamke mmoja alishusha leso yake mwenyewe, bila kuambiwa.

Kisa ninachokikumbuka zaidi ni cha nyanya mmoja wa Usenge. Alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, pale ufuoni, kazi ya kushinda juani, na alikuja na binti yake aliyekuwa amejifungua juzijuzi. Binti ndiye aliyekuwa na jino. Akaingia ndani, akamwachia mama yake mtoto. Mimi nilikuwa napanga vifaa. Daktari alikuwa akinawa mikono huku akichungulia kwenye benchi, kama alivyozoea, na ghafla akaacha maji yakitiririka akatoka mbio.

Nyanya alikuwa na malengelenge mabichi kwenye mdomo wa chini, na alikuwa amemwinua mtoto usoni kwake.

"Mama! Usimbusu!"

Benchi lote likageuka. Nyanya akamkumbatia mtoto kifuani. "Unanipigia kelele kama mwizi? Huyu ni damu yangu."

"Ndiyo sababu ninapiga kelele." Daktari alikuwa anahema. Akaketi sakafuni, pale pale kwenye saruji, mbele ya magoti ya yule nyanya. "Dani, nyanya yangu, nisamehe sauti. Mdomo wako uliwasha kabla ya kutoa hii?"

"Uliwasha. Ni jua tu. Inakuja na kwenda, tangu nikiwa msichana."

"Kwako inakuja na kwenda. Wewe mwili wako unaijua. Huyu hana hata mwezi mmoja, mwili wake haujui kupigana nayo. Ikimwingia inaweza kupanda kichwani, inaweza kumuua. Umemwekea mdomo leo?"

Nyanya akatikisa kichwa. "Bado. Nilikuwa naogopa kumwamsha. Jana pia nilimshika tu." Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, "Nina ugonjwa mbaya, daktari? Watanikataza mjukuu wangu?"

Daktari akamwonyesha kidole chake. "Mimi pia ninayo hii. Na hawa wengi unaowaona hapa. Hakuna atakayekukataza. Mpake mafuta, mwimbie, mbebe mgongoni. Nawa mikono kwanza. Busu lisubiri mpaka upone kabisa, na hata hapo mbusu miguu."

Alimwita binti atoke ndani, akamweleza mbele ya mama yake, polepole, ili lisiwe jambo la kusimuliwa nyuma ya mgongo. Akamwambia mtoto akipata homa, au akikataa kunyonya, au akitoa lengelenge popote, wasingoje, wakimbie hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wiki kadhaa Daktari alikuwa akiniuliza asubuhi kama wale watu wa Usenge wamepiga simu. Nilikuwa nawapigia mimi. Mtoto alikuwa ananyonya. Mtoto alikuwa analala. Nikimjibu hivyo alisema "Haya" akaendelea na kazi, lakini niliona mabega yake yakishuka.

Waliporudi, yule mtoto alikuwa anaweza kuketi. Nyanya alipanda ngazi za duka la viatu akiwa na furushi la omena lililonukisha kliniki siku nzima, akamtupia Daktari mtoto mikononi bila kumwuliza. "Nimebusu miguu hadi imeisha," akasema.

Sitaki watu wadhani hakukosea. Kijana mmoja, fundi wa magari, alikuja na vidonda vidogo kwenye kaakaa, upande mmoja tu. Daktari alikuwa amechoka, akampa dawa ya kupaka ya vidonda vya kawaida vya mdomo. Vikazidi. Yeye ndiye aliyempigia simu arudi, na kijana alipoketi akamwambia, "Nilikosea. Ile dawa niliyokupa inavipa hivi nguvu." Halafu akaniita nitazame, akanifundisha mbele ya yule kijana: vidonda vya kawaida hupenda mahali laini panapocheza, ndani ya shavu au chini ya ulimi. Herpes ikirudi ndani ya mdomo hupenda mahali pagumu, kwenye kaakaa au kwenye ufizi ulioshika meno, na huja kama nukta nyingi zilizobanana.

Akambadilishia dawa. Lakini vidonda vile havikupona kama vyangu. Vikaungana, vikawa vipana, wiki zikapita. Siku moja baada ya kijana kutoka nikamwuliza Daktari, "Mbona mimi uliniambia si ukimwi, na huyu unamtazama hivyo?"

"Kidonda chako kinakuja na kinaondoka chenyewe. Chake kimekataa kuondoka. Mwili wake umeshindwa kukifukuza, na lazima tujue kwa nini."

Hakumwandikia karatasi na kumwacha aende peke yake. Alimwambia waziwazi anachohofia, akafunga kliniki mapema, wakaenda pamoja kwa miguu hadi hospitali kupima. Mimi nilibaki nikiwaambia watu warudi kesho. Majibu hayakuwa yale ambayo kijana aliyataka. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kutoka pale aelekee ziwani, na kwamba Daktari alimshika mkono akamwambia, "Tumekipata mapema. Una dawa ya kumeza na una gari la watu la kutengeneza. Twende ukalimalize." Akaanza dawa wiki hiyo. Vidonda vikafunga. Sasa ana karakana yake na watoto wawili, na gari la Daktari, kuukuu kiasi cha kutia huruma, halikukosa mtu wa kulitengeneza.

Daktari alistaafu macho yalipoanza kumsumbua. Aliuza vifaa kwa daktari kijana, mpole, ambaye aliniomba nibaki, nikabaki. Daktari akahamia kwenye nyumba yake ndogo ng'ambo ya mji, na kwa muda mrefu tuliongea kwa simu tu, yeye akipiga kelele.

Mwaka huu, wakati wa mvua, alinipigia akanong'ona. Nilishtuka kwa ule mnong'ono kuliko kwa maneno yenyewe. "Nyar Nyakach, jino langu la nyuma limeoza. Utakuwepo?"

Alikuja akiwa amevaa nguo ya kanisani. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua chache. Daktari kijana akamkaribisha kwa heshima, akamwonyesha kiti, na Daktari akasimama mbele ya kile kiti akikitazama kana kwamba hakuwa amewahi kukiona. Nilielewa polepole. Miaka yote ile hakuwa ameketi pale hata mara moja.

"Ninaogopa," akaniambia kwa Kijaluo, ili kijana asisikie, ingawa kijana ni wa Bondo, Mjaluo kama sisi.

"Naona, Daktari."

"Wote wale walikuwa wanaogopa hivi?"

"Walikuwa wanaogopa."

"Na walirudi?"

"Walirudi."

Akaketi. Nilimshika mkono wakati wa sindano, na alinibana hadi pete yangu ikaniumiza. Jino lilitoka vizuri. Daktari kijana akamwekea pamba, akamwambia aiume na asiongee, akampa bahasha ya pamba nyingine za kubadilisha. Tukatoka tukaketi kwenye benchi la kungojea, sisi wawili, tukitazama mvua ikipiga paa la soko.

Katika miaka yote hakuwahi kukubali kushukuriwa. Ukianza, alikukatiza kwa swali juu ya watoto wako au alikutuma ulete kitu. Sasa alikuwa amefunga mdomo, hawezi kuniuliza chochote. Nikaona nafasi.

Nikamshukuru. Nilimwambia kuhusu leso niliyokuwa nimejifunika, na sauti ya dirishani, na jinsi nilivyotoka kwenye kliniki yake siku ile ya kwanza nikiwa na jino bovu na nikatembea barabarani uso wazi. Nilimwambia kwamba wasichana wangu wote wawili wanajua wakati wa kumeza dawa na hawajawahi kumficha mtu midomo yao. Nilimwambia kwamba mume wangu bado humtaja anapoomba kabla ya chakula. Yeye alitazama mvua. Mara mbili alitaka kutoa pamba, na mara mbili niliushusha mkono wake magotini.

Mwishowe akaitoa, akaikagua damu kama daktari, akaikunja ndani ya karatasi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado."

Akafungua ile bahasha, akatoa pamba nyingine, akaiuma, akanigeukia.